Bibi Yetu Anauzwa Manyovu

Asia binti Hamis,
Mtaa wa Sokoni,
Kasulu, Kigoma.

17 Oktoba, 1976

Mpendwa Dada Kuruthumu,

Assalaam aleikum. Shikamoo yangu ipokee ukiwa umekaa, maana barua hii haifai kusomwa na mtu aliyesimama. Hujambo? Shemeji Khatibu hajambo, na ule mgongo wake umepoa? Watoto je, na joto la huko Pangani? Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe, ukiniacha mimi peke yangu, ambaye mwili ni mzima lakini akili tangu juma lililopita haijarudi mahali pake.

Mvua zimeanza na watu wote wako mashambani wanapanda. Duka linakwenda hivyo hivyo. Khanga zimeadimika, na sukari ikija asubuhi haifiki adhuhuri. Baba Tunu bado yuko Uvinza kwenye kazi ya chumvi na ameahidi kurudi mapema kwa ajili ya jambo ninalotaka kukuambia.

Nikupe kwanza la furaha, dada, maana yanayofuata sijui utayapokeaje. Tunu wangu ameposwa. Mchumba ni Abbasi, fundi redio wa Kibondo, kijana mpole ambaye akikuamkia huna budi kumwomba arudie. Ndoa tumeipanga mfungo pili, hapa Kasulu. Mama aliposikia alisahau mguu wake unaomuuma, akaanza kutoa amri. Tunu avalishwe kama Bibi, akasema, kama ulivyovalishwa wewe, kama nilivyovalishwa mimi. Kilemba cha hariri kifungwe upande wa kushoto, ua la waridi liwe sikioni, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika leso, na kidoti cha wanja chini ya jicho. Tena akataka ile picha ya Bibi iletwe huku kwa Nestori, mpiga picha wetu, aikuze, itundikwe ukumbini siku ya harusi ili Bibi amwone kitukuu chake akiolewa.

Picha ile unaijua kuliko mimi, lakini leo nakuomba uifikirie upya kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Bibi Mwanahawa, mzaa mama yetu, alifariki Mama akiwa mchanga, hajatimiza hata siku arobaini, mwaka ule Wabelgiji walipoingia huku na Wajerumani wakakimbia. Mama hakupata kumwona. Alichokuwa nacho ni picha hiyo moja, ndani ya fremu ya mbao yenye kioo, ukutani mwa chumba chake kule Kibondo. Kila asubuhi kabla hajasema na mtu, anasimama mbele yake. Shikamoo mama. Anangoja kidogo, kama vile ameitikiwa, ndipo anatoka kwetu. Unakumbuka tulivyokuwa tukichapwa tukimwamkia Mama kabla yeye hajamwamkia mama yake?

Sasa nije kwenye kadi zangu. Usigune! Nakusikia unavyoguna mpaka huku.

Najua unaziita takataka za Asia. Ndugu yetu Hilali ndiye hatari zaidi, anasema nyumba yenye picha za watu malaika hawaingii, huku yeye analala ukuta mmoja na picha ya Bibi na sijasikia akilalamika. Lakini wewe hujapata kuziona kwa utulivu, dada. Ni postikadi za picha za watu wa zamani, wale wa mwanzo kabisa waliokuwa wakipanda jukwaani kuimba, kucheza na kuchekesha. Nilianza na boksi dogo alilonipa yule Mhindi wa Kigoma alipofunga studio yake akaondoka. Ninaye mchekeshaji aliyejipaka unga usoni, na nyuma ya kadi mtu ameandika kwamba alimcheka mpaka akaanguka kwenye kiti. Ninao wacheza ngoma ya beni waliovaa kama maofisa wa Kijerumani, mabegani mwao yamepangwa makopo mahali pa vyeo. Ninaye mwanamke wa Kizungu mwenye kofia pana kama ungo, sijui aliimbaje bila kuanguka. Nimewaweka wote ndani ya bati la biskuti, kila mmoja na karatasi yake laini, na kafuri kidogo dhidi ya wadudu. Siwashiki usoni, nawashika pembeni, na kila kadi nikiinunua lazima kwanza niigeuze nisome nyuma, maana jina la mtu na mahali alipopigiwa picha mara nyingi huchapwa kule.

Kwa nini nawapenda? Sijui, dada. Labda kwa sababu sisi tulilelewa tukiambiwa kaa ndani, teremsha sauti, na hawa walisimama mbele za watu wakasema nitazameni.

Basi. Yupo mama mmoja hapa Kasulu anaitwa Niyonsaba, mkimbizi wa Burundi aliyevuka mwaka sabini na mbili na watoto wake mgongoni. Leo anauza vyombo na vitu vilivyotumika kwenye gulio la Manyovu, mpakani, na akipata kadi za zamani huniwekea. Akaniletea habari kwamba kuna mzee wa Kiswahili wa Buyenzi, kule Bujumbura, amefariki, na watoto wake wameuza sanduku lake zima na picha zake. Nilifunga duka nikapanda lori la maharage, juu ya magunia, mtu mzima na heshima zangu. Nilifika Manyovu vumbi limeniingia mpaka kwenye kope.

Niyonsaba akanikaribisha, akafungua kitambaa alichofungia kadi. Dada, ya juu kabisa ilikuwa Bibi.

Bibi! Kilemba kushoto, waridi sikioni, mkono kiunoni, leso, kidoti chini ya jicho. Bibi Mwanahawa wa ukutani kwa Mama, kalala pale katikati ya vikombe vya bati na pasi za mkaa, anauzwa! Nilipiga ukelele, watu wakadhani nimeumwa na nyoka. Wengine walishaanza kutafuta fimbo.

“Yoo! Asia, ni nini?” akauliza Niyonsaba.

Nikamwambia huyu ni bibi yangu, bibi yangu mzaa mama, umemtoa wapi, nani kamleta hapa? Akaitazama kadi, akanitazama mimi, akaitazama tena kadi.

“Bambe! Bibi yako?” akasema. “Basi ngoja kwanza. Ninao bibi zako wengine.”

Akaingiza mkono kwenye kitambaa, akatoa Bibi wa pili. Akatoa Bibi wa tatu. Wote sawasawa, kilemba kile kile na mkono ule ule kiunoni, wamepangwa mkekani kama viazi vya fungu. Yallah, dada, nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Na kama hayo hayakutosha, akaja mtu mmoja, kinyozi, akamwokota Bibi mmoja, akamgeuza huku na huku, akasema ni mzuri huyu, atamtundika kibandani kwake wateja wapate kuburudika. Nilimpokonya! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa mwanamke aliyekwenda Hija. Bibi yetu kwa kinyozi!

Nikaigeuza kadi. Nyuma, kwa herufi ndogo zilizochapwa vizuri, pameandikwa: Bi Jokha, Mwimbaji, Tanga.

Nilinunua furushi zima bila kubishana, na Niyonsaba, ambaye kwa kawaida tunavutana mpaka jua linageuka, alinionea huruma akaniongeza chupa ya maji ya kunywa njiani.

Nilivyorudi juu ya lile lori sikuona mlima wala bonde. Bibi alikuwa mwimbaji! Ndilo wazo lililonijia, na wewe pia ungewaza hivyo hivyo, usijifanye. Nikasema labda Jokha ni jina la jukwaani na Mwanahawa ni jina la nyumbani. Labda Babu Abdalah alimkuta Tanga akiimba, akampenda, akamwoa akamleta huku bara, akaficha. Mwanzoni nilikasirika. Familia inayojua kuwakemea wengine hivi! Wewe uliyewakataza binti zako kuimba hata kwenye harusi za wenzao, kumbe bibi yako anauzwa kadi kwa kazi hiyo hiyo! Lakini kufika Kasulu, dada, nikuambie ukweli, nilikuwa natabasamu peke yangu juu ya magunia. Nilijisikia fahari. Nikasema kumbe haya mambo ya jukwaani mimi nimeyarithi, yamo kwenye damu.

Fahari yenyewe haikudumu. Kesho yake nilikaa nyuma ya duka kuzipanga kadi zilizobaki kwenye furushi, na katikati yake nikakuta moja ya kundi zima. Wanaume wameketi na fidla, udi na ngoma ndogo, na mbele yao jukwaani amesimama mwanamke mnene, mtu mzima, leso mkononi. Kidoti chini ya jicho. Mvi zinachungulia pembeni mwa kilemba, na kilemba kimefungwa kushoto. Nyuma pamechapwa jina lile lile, Bi Jokha na kundi lake, Tanga, na muhuri wa posta unaosomeka bila taabu wa mwaka 1934.

Mwaka uliozaliwa wewe, dada. Bibi Mwanahawa alikuwa ameshalala udongoni tangu Mama akiwa mchanga. Bi Jokha alizeeka, akanenepa, akaota mvi. Bibi yetu hakupata hata mvi moja.

Nilikaa na kadi ile mapajani, wateja wakaingia wakatoka bila mimi kuwasikia. Mmoja aliniambia baadaye kwamba aliomba kibiriti nikampa sabuni.

Nikajipa moyo. Nikasema watu hufanana, labda Bibi alifanana na huyu mwimbaji, labda naye alipigwa picha kwa mtindo wa wakati huo. Nikakimbilia kwa Nestori, kwa sababu fremu ilikuwa kwake ikisubiri kukuzwa. Nikamwambia ifungue. Akasita, maana alijua vile Mama alivyoagiza isiguswe. Babu aliacha amri, ukumbuke, kwamba picha ile isitolewe ndani ya kioo hata siku moja, itaingia hewa iharibike, na sisi wote tukatii, hakuna aliyeuliza. Nestori akang'oa misumari taratibu kwa koleo, akaondoa kadibodi. Ilikuwa postikadi kama zangu. Nyuma pana maneno yale yale, Bi Jokha, Mwimbaji, Tanga, na chini yake muhuri wa bluu wa duka moja la picha la Ujiji.

“Mama Tunu,” akasema Nestori kwa sauti ya chini, “hii ni kadi ya kutumia watu salamu. Hata haijaandikwa kitu.”

Nililia pale studio, dada. Mwanamke mmoja alikuwa amekuja kupiga picha ya mtoto, akadhani nimefiwa, akanipa pole. Ningemwambia nimefiwa na nani?

Inuka sasa uende ukaitazame picha yako ya harusi hapo ukutani kwako. Kiuno kimeshikwa, kidoti kimewekwa, ua liko sikioni. Tulikuwa tukiambiwa hiyo ndiyo adabu ya wanawake wa ukoo wetu, na wakwe walikuwa wakitusifu kwa utulivu wake. Kumbe ni mkao wa mwimbaji anayengoja wapiga fidla waanze! Bibi harusi baada ya bibi harusi, sote tumepita tukijifanya Bi Jokha wa Tanga bila kumjua. Kama jambo lingeishia hapo, Wallahi ningecheka mpaka leo.

Lakini Mama. Ningemwambia nini Mama? Uso ule ndio mama pekee aliye naye. Amemwambia kila kitu, tulipozaliwa, Baba alipofariki, wewe ulipoolewa mbali. Nikimwondolea uso huo, sina mwingine wa kumpa.

Nikaenda Kibondo na fremu yangu, Nestori akiwa amerudisha misumari vilevile. Kwanza nilimwonyesha Hilali, sokoni, mbali na nyumbani. Alicheka, akasema ndiyo matokeo ya kuokota makaratasi ya watu. Nilipompa kadi ya mwaka thelathini na nne kicheko kikakatika. Akazitazama muda mrefu, akavua kofia, akajifuta uso.

“Ukimwambia Mama utamuua,” akasema. “Asia, nakuapia, utamuua.”

Tukakubaliana tunyamaze. Tukasema tutairudisha picha ukutani, Tunu atavalishwa, harusi itapita, na Mama ataondoka duniani na mama yake. Nilikubali kabisa, dada. Nikaitundika fremu kwa mikono yangu, na Mama akanisifu kwamba Nestori ameifuta vumbi vizuri.

Asubuhi nilikuwa mlangoni na chai yake. Mama akasimama mbele ya picha kama kawaida. Shikamoo mama. Akangoja. Kisha akaendelea, akamwambia mjukuu wako Asia anaoza, huyu mtoto Tunu ni kitukuu chako, namtoa kwa mkono wangu, na mimi sikupata kulelewa na wewe lakini ni mwanao. Akakunja mikono kifuani. Nipe radhi mama, akasema. Nipe radhi yako nimpe huyu mtoto.

Hapo ndipo niliposhindwa. Unanijua, mdomo wangu hauna kufuli, lakini safari hii haukuwa mdomo, ulikuwa moyo. Mama mzima anaomba radhi ya mzazi kwa mwanamke wa watu aliyenunuliwa dukani Ujiji! Chai ikanimwagika. Nikasema Mama, usimwombe radhi huyo.

Nikatoa kadi mfukoni mwangu, zote, nikazipanga kitandani. Bi Jokha, Bi Jokha, Bi Jokha, na Bi Jokha mzee jukwaani. Hilali alikuja mbio, akanipiga jicho la kuniua, lakini lilishakuwa. Nikaeleza kila kitu. Mama hakusoma, hajui kusoma, ila aliziinua moja moja akazisogeza karibu na dirisha. Alivua miwani, akaivaa. Sisi tulikuwa tumesimama tayari kumdaka.

Hakuanguka, dada. Akakaa kitandani, akatuambia jambo ambalo sijui kama wewe uliwahi kulisikia. Alikuwa mtoto wa kama miaka saba. Watoto wa jirani walimcheka kwamba hana mama, ameokotwa, akalia siku nyingi na kukataa chakula. Babu Abdalah akaenda Ujiji kuuza ngozi. Aliporudi alikuwa na kitu amekifunga kwa kitambaa cheupe. Akamwambia haya, mama yako huyu hapa, nimemkuta kwa ndugu zake, msalimie. Mama akasalimia, akanyamaza kulia, akala. Hakuuliza tena.

“Baba alikuwa amechoka na kilio changu,” akasema Mama. “Alitafuta uso mzuri.”

Nilitegemea atalia, au atalaani kadi zangu. Aliteremsha fremu mwenyewe, akaifunika kwa upande wa khanga. Akasema maskini mwana wa watu, tumemchosha huyu, maisha mazima tunampa shikamoo zisizo zake. Mchukue, Asia, ukamweke na wenzake. Akasema kwa upole kabisa, nami nikaanza kupumua. Nikamtazama Hilali kama kumwambia umeona?

Kisha Mama akauliza, “Kwa hiyo mama yangu mimi hakuna aliyemsalimia?”

Ungejibu nini wewe?

“Siku zote hizi,” akasema tena, “yuko pale peke yake, na mwanawe niko hapa hatua chache, namsalimia mwingine?”

Akavaa buibui lake, akachukua fimbo, akataka apelekwe makaburini wakati huohuo. Hilali akasema wanawake hawaendi hovyo makaburini, na mguu wako Mama, na umande huu. Mama akatoka. Ikabidi tumfuate.

Unapajua pale, nyuma ya gulio la zamani. Tangu watu wahamie kwenye kijiji kipya cha barabarani hakuna anayepita. Nyasi zimefika kiunoni, mawe mengine yameanguka, mengine yamebebwa, udongo umeshuka mpaka kaburi na ardhi vimekuwa kitu kimoja. Mama akasimama pembeni, akatugeukia.

“Yupi?”

Dada Kuruthumu, sijawahi kushtuka namna hiyo. Manyovu hakukuwa kitu, wala kwa Nestori. Nilimtazama Hilali, Hilali anayejua kila kitu, akawa anatazama viatu vyake. Hatujui! Mimi na umri wangu huu, Hilali aliyekaa Kibondo maisha yake yote, hatujui bibi yetu amelala wapi. Babu mwenyewe alifia safarini akazikwa Ujiji, kwa hiyo hata yeye hayupo pale wa kutuonyesha. Hatukuuliza wakati wenye kujua walikuwepo. Tulikuwa na picha, tukaona yatosha.

Nikamwambia Mama asalimie tu, awasalimie wote, Mungu ataifikisha. Akatikisa kichwa. Akasema hatasalimia kwa kubahatisha, ameshakosea mtu mara moja na imechukua umri wake wote. Akasimama pale kwenye nyasi mpaka buibui likalowa, midomo imefungwa, kisha akakubali tumrudishe nyumbani. Nimemleta hapa kwangu Kasulu, na tangu siku hiyo akiamka anakaa kitandani kimya. Tunamwamkia, anaitikia, lakini yeye hamwamkii mtu. Kuhusu Tunu amesema hana neno na ndoa, ila yeye hatamvalisha wala kumpa mkono wake kabla hajasimama mbele ya mama yake.

Jana akasema jambo moja lililonifanya nishike kalamu. Anasema Babu alikuwa na desturi ya kwenda kule baada ya sala ya Idi, na hakumchukua Mama hata mara moja, sasa tunajua kwa nini. Ila alikuwa akikuchukua wewe. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki, lakini Mama anasema ulikuwa ukimbebea birika la maji ya kunyunyiza, ukirudi gauni lako limelowa mbele nzima.

Wewe ndiye mtu pekee aliyebaki, dada. Kumbuka, nakuomba kwa jina la Mungu. Birika mlilishusha wapi? Mlikuwa mkiingia kwa upande wa gulio au upande wa kijito? Babu alisimama karibu na ule mnyonyo mkubwa au mlipita mbele? Palikuwa na jiwe moja au mawili, na maji aliyamwagia wapi, kichwani au miguuni? Jambo dogo lolote, hata kama ni siafu waliokuuma, liandike.

Na kama hukumbuki, niambie hukumbuki. Hili nakuomba kuliko yote. Usimchagulie Mama jiwe ili atulie. Huruma ya namna hiyo alishafanyiwa na mtu aliyempenda kuliko sisi, na unaona tulipofika. Afadhali aambiwe hatujui kuliko aambiwe hili hapa, msalimie.

Ukiona kuandika hakutoshi, panda treni uje. Harusi unayo haki ya kuihudhuria kwa vyovyote, na chumba chako kipo. Nauli ikiwa taabu niambie, nitazungumza na Baba Tunu.

Hilali anakusalimu sana na anasema umwombee, hajalala vizuri. Tunu anakuamkia, na anauliza kama kidoti akiweke au asikiweke. Nimemwambia angoje mama mkubwa wa Bi Jokha, yaani wewe, afike ndiye aamue, akacheka kidogo, mcheko wa kwanza nyumbani humu kwa wiki. Abbasi anakuamkia, ingawa hutamsikia. Niyonsaba, ambaye hujamwona, anakupa pole kwa mambo ya bibi zetu. Msalimie sana shemeji Khatibu, wabusu watoto, na uwasalimie majirani wote wa huko wanaonikumbuka. Mungu akupe afya, akulinde na macho mabaya, na akufungulie kumbukumbu zako.

Salamu za Mama huzikuti humu, usidhani nimesahau. Nilimwendea na karatasi, nikamuuliza, Mama, nimwandikie nini Kuruthumu? Akasema salamu alizo nazo zina mwenyewe, na mwenyewe bado hajazipata. Akishazipokea huyo, sisi wengine tutafuata.

Mdogo wako akupendaye na anayengoja jibu mlangoni,

Asia